Mama Aliyetangulia Kufika

Mapigo yalijitokeza kwenye kioo kabla Mjomba hajabonyeza swichi.

Hayakuwa mapigo ya mtu. Karakana ile ilitengeneza mashine za kupimia moyo, zile zinazokaa pembeni mwa kitanda cha mgonjwa, na kila moja ilijaribiwa kwa kasha la bati lililojifanya kifua: ukibonyeza linadunda, ukiachia linanyamaza. Mjomba, fundi wa kulehemu nyaya, kidole chake kilikuwa bado hewani. Mstari wa kijani ukapanda, ukashuka, ukapanda tena. Ndipo akabonyeza.

"Dereva," alisema, "hii mashine yako ina kiherehere."

Mwanamke aliyeitwa Dereva hajawahi kuendesha hata baiskeli. Kazi yake ilikuwa kuandika draiva, ile programu inayosimama kati ya kadi, ile bodi ndogo inayopokea mapigo, na kompyuta, kama dalali, kuhakikisha mzigo wa mmoja unamfikia mwenzake. Wenzake waliligeuza neno kwa utani na jina likamganda, mpaka jirani walikuwa wanakuja kumwomba awapeleke sokoni.

"Rudia," alisema.

Mjomba akarudia. Safari hii mapigo yalikuja kwa zamu yake. Akarudia tena na tena, yote sawa, mpaka walipoanza kuzoea, mstari ukatangulia.

"Ni mbio tu," Dereva alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi. "Kadi inapokea mapigo, inayashusha kwenye kumbukumbu, halafu inapiga kengele: njoo uchukue. Kompyuta ikisikia, inakuja. Wakipishana vibaya inakuta mzigo haujashushwa, inazoa kilichokuwepo. Anayewahi chungu anakuta ukoko wa jana."

"Ukoko wa jana sawa." Mjomba aligeuza kasha ili Dereva aone kitufe cha kasi. "Lakini mimi kasi nimeibadilisha sasa hivi, kwa mkono wangu huu. Huu si ukoko wa jana, bibi. Hiki ni chakula cha kesho."

Dereva alitazama tarakimu. Zilikuwa sahihi, zote, na hazikuwa zimefika.

"Halafu kuna harufu," Mjomba alisema. "Kama lehemu inayoyeyuka. Na pasi yangu ya kulehemu leo sijaichomeka."

Mtu mwingine angesisimka. Dereva kwa muda mrefu sasa alikuwa kama mkono uliolaliwa: unauona ni wako, unaubonyeza, hausemi. Hakufiwa, hakuachwa, hakuna jambo unaloweza kulinyooshea kidole. Kazi, nyumbani, usingizi, kazi. Mumewe alikuwa mwokaji mikate, zamu yake ya usiku. Walipishana mlangoni kila jioni kama walinzi wanaokabidhiana lindo. Kati yao alikuwapo binti yao mmoja, waliyemwita Kidoti kwa sababu ya alama ya shavuni, mtoto mwenye kifafa na dawa ya maji ya kila jioni.

Jioni hiyo alipofika, mumewe alikuwa ameshaondoka. Kidoti alikuwa sakafuni anachora.

"Baba yako amekuacha peke yako?"

"Si nilikuwa na wewe?"

Dereva aliweka mkoba, akachukua chupa ya dawa na kijiko.

"Mama, ushanipa."

"Usianze."

"Ushanipa! Umeniambia nimeze haraka haraka, halafu ukanibusu hapa."

Mtoto na dawa chungu hakosi hadithi. Lile busu lilipaswa kumsimamisha, maana hakukumbuka mara ya mwisho kumbusu mtoto yule. Halikumsimamisha. Kidoti alimeza, machozi yakimlenga.

Jikoni kulikuwa na kikombe cha chai kilichonywewa nusu. Kilikuwa bado cha moto. Na harufu ilikuwapo, ileile ya lehemu, imetanda juu ya sinki. Alikiosha kikombe, akakiinamisha, akaenda kulala.

Kazini aliendelea kuiwinda ile hitilafu. Aliweka mitego ndani ya programu, mistari ya kumtangazia kila hatua: kadi imeshusha, kengele imelia, kompyuta imechukua. Mitego ikiwapo, kila kitu kilikwenda kwa adabu, kwa sababu kule kutangaza kulikuwa kunaichelewesha mashine. Akiitoa, mstari ulitangulia. Kilikuwa kitu kinachoona aibu kutazamwa.

Nyumbani vikombe vikawa viwili, vitatu. Kandambili zake alizikuta zimelowa. Kidoti aliacha kubishana juu ya dawa. Alifungua tu mdomo, akameza, akamtazama mama yake kama mtu anayetazama jirani aliyekuja kuazima kitu.

Siku ya mapumziko ya mumewe walikaa mezani, wawili.

"Siku hizi umerudi kuwa wewe," mumewe alisema.

"Kivipi?"

"Unawahi. Unacheka." Aliinamisha uso, akatabasamu kama kijana anayeposa. "Juzi pale mlangoni umenishika mkono hukutaka kuniachia. Nimefika kazini unga wenzangu wameshaukanda, wakanicheka."

Dereva alitazama mikono yake mwenyewe juu ya meza. Angeweza kusema: sikuwa mimi. Lakini neno kama hilo linataka nguvu ya kulibeba mpaka mwisho, na uso wa yule bwana ulikuwa na nuru ambayo hajaiona kwa muda mrefu. Alihisi kitu kama wivu kinabisha, mbali, kama mtu anayegonga nyumba ya pili.

"Kumbe," alisema.

Ikafika asubuhi ambayo Kidoti hakuamka.

Walimtikisa. Macho yalifunguka nusu, yakapanda juu, yakafunga. Walipomsimamisha, miguu ilikunjika kama nguo mbichi. Baba yake alimbeba mpaka hospitali akiwa bado na unga kwenye nywele.

Daktari alikuwa msichana mdogo mwenye sauti ya upole. "Dawa imezidi kwenye damu. Imekaribia mara mbili ya anayotakiwa, na si ya siku moja. Nani anampa?"

"Mimi," Dereva alisema.

"Baba hujawahi kumpa? Labda mmoja hajui mwenzake ameshampa?"

"Hapana. Mama yake ndiye anayempa. Namwona kwa macho yangu kila jioni, nikishaona ndiyo naondoka."

Dereva aligeuka. "Siku hizi kila jioni nikifika unakuwa umeshaondoka."

Daktari aliwatazama, akaandika alichoandika, akawaacha.

"Unataka kusema nini?" mumewe alinong'ona pale kwenye korido. Alikuwa amemshika juu ya kiwiko. "Eh? Unataka kusema mtoto nilikuwa namwachia nani?"

"Sijui."

"Nimekushika mkono!"

"Hukunishika mimi."

Alimwachia. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, akabaki pale akijifuta kiganja kwenye suruali.

Kidoti alilazwa. Mchana Dereva alirudi nyumbani kuchukua nguo za mtoto. Alikuwa ameshatoa ufunguo aliposikia, ndani ya nyumba aliyoifunga mwenyewe asubuhi, kandambili zikiburuzika kutoka jikoni kwenda chumbani, mwendo wake yeye, ule wa mguu wa kulia kukokota kidogo, kisha mlango wa chumbani ukalia, kimya, kisha kandambili zikarudi, zikaingia sebuleni, na sauti yake mwenyewe, ile aliyokuwa nayo zamani kabla hajachoka, ikaita polepole "Kidoti? Mama nimekuja," ikangoja kidogo tu, pungufu ya pumzi moja, ikaita tena, ikafunua mapazia, ikafungua kabati, ikainama chini ya kitanda ikiita, mpaka ule mwito ukaanza kuwa kilio cha mzazi aliyepotelewa, na harufu ya lehemu ikatoka chini ya mlango ikamfikia miguuni kama maji ya moto, naye akasimama pale na ufunguo mkononi, hana woga wa kukimbia wala hana ujasiri wa kuingia, akimsikiliza mwanamke yule anavyomlilia mtoto wake kuliko alivyomlilia yeye.

Aliondoka bila nguo. Alikwenda kazini kwa sababu miguu ilijua njia.

Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho bila utani hata mmoja. Kisha akavua aproni. "Twende kwa dada yangu."

Dada yake Mjomba alikuwa fundi cherehani, mwanamke mnene mwenye pini mdomoni na kazi zilizorundikana. Watu walimfuata kwa nguo, na wengine, kwa kificho, kwa mambo mengine. Hakuacha kukanyaga cherehani walipokuwa wanazungumza.

"Umemwona?"

"Nimemsikia."

"Na ulipomsikia, moyoni ulisikia nini?"

Dereva alifikiri. "Sikusikia kitu."

Cherehani ikasimama. Yule mama alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa gauni lake.

"Hapo ndipo alipopitia," alisema. "Wako majini wanaoitwa, wako wanaokanyagwa kwa bahati mbaya. Huyu ni wa tatu. Huyu anakuja kwa nafasi. Anakaa kati ya jambo na jambo: swichi haijabonyezwa, au mtu amefika nyumbani na moyo wake haujafika. Akiona pengo analiziba yeye. Wala hana nia ya kuua. Ila hajui kungoja. Hata kidogo. Kungoja kunamuunguza."

"Utamtoa?"

"Nimtoe mimi? Kavaa sura yako, mwanangu, hakuvaa yangu. Akitambulika mbele ya watu wote wa nyumba, kwa kauli zao, hana pa kukaa. Namna ya kumtambulisha utaitafuta wewe. Na huko kazini alikoanzia pazibe. Mimi mashine yangu ni hii tu."

Njiani kurudi karakana, Mjomba alijaribu kidogo. "Angalau ni jini anayewahi. Mimi wa kwangu angechelewa." Dereva hakucheka, na Mjomba hakumdai kicheko.

Alikaa mbele ya mashine. Kungoja, alijiambia. Mitego yake ilifanya kazi kwa sababu ilichelewesha, lakini kuchelewesha si kungoja. Anayechelewa hajui anachokisubiri. Akaichora ile safari kwa kidole juu ya meza. Mzigo unatoka kwenye kadi kwa njia moja. Kengele inapita njia nyingine, nyepesi, ndiyo maana inatangulia. Kompyuta inasikia kengele inaamini mzigo umefika. Basi ifanyeje? Isiamini kengele. Ikisikia kengele, kwanza iiulize kadi swali lolote, hata la kijinga, ingoje jibu. Kwa sababu jibu la kadi linapita njia ileile ya mzigo, njia nyembamba isiyo na pa kupishana. Jibu likifika, mzigo uliokuwa mbele yake umefika.

Aliandika. Uliza. Ngoja. Ndipo uchukue.

Mjomba alibonyeza kasha mpaka kidole kikamuuma. Alibadilisha kasi, akabonyeza kwa kushtukiza, akabonyeza amefumba macho. Mstari wa kijani haukutangulia tena. Harufu iliinuka mara moja, kali, ikawatoa machozi, ikaisha.

"Imetoka!" Mjomba akapiga makofi.

"Imetoka hapa," Dereva alisema.

Kidoti aliporuhusiwa, Dereva aliomba ruhusa kazini, akakaa nyumbani. Alasiri walikaa wote watatu sebuleni na mlango ukiwa umefungwa kwa komeo. Alikuwa amewaeleza maneno machache. Mumewe alikaa kando yake, bega kwa bega, na kila mara alimgusa goti kuhakikisha.

"Akija muulizeni," aliwaambia. "Msimfungulie. Muulizeni tu, taratibu, mumngoje. Halafu kila mmoja amwambie: nimekujua."

Jua lilikuwa bado linapiga dirishani na watoto wa jirani wakicheza mpira nje, wakati harufu ilipoingia. Makelele ya mpira yakafifia kama mtu amefunga dirisha. Kandambili zikasikika kwenye ujia, mguu wa kulia ukikokota.

"Nimekuja," sauti ikasema nyuma ya mlango.

Mumewe aligeuka akamtazama mdomo. Mdomo wake ulikuwa umefumbwa.

Dereva alimpa mtoto ishara.

"Wewe ni na…"

"Mama yako, Kidoti."

"Umetoka wa…"

"Kazini, mwanangu. Nimekutafuta sana. Fungua."

Kidoti alimtazama mama yake aliyekaa, akautazama mlango. Sasa ilikuwa zamu ya baba. Yule bwana alifungua kinywa, na kabla sauti haijatoka, ile ya nje ikajibu, laini, kama inaongea kwenye mto:

"Ndiyo, mume wangu. Mkono ule ulikuwa wangu."

Akajifunika uso, akalia.

Dereva akainuka. Alikwenda mpaka mlangoni, akasimama karibu kiasi cha kuhisi joto la mbao. Alikuwa ameandaa swali: unataka nini kwangu. Lakini aliposimama pale lile swali likampotea, akabaki kimya, na katika kile kimya, kwenye kile kifua chake kilichokufa ganzi, kitu kingine kikawa kinajikusanya polepole, kinatafuta maneno, kilikuwa bado hakijawa neno hata moja, bado hakijamfikia kooni, wala mwenyewe hajajua kwamba kimekuwamo siku zote hizo, aliposikia mtu wa upande wa pili akisogea naye akaweka paji la uso kwenye mbao, mahali palepale paji lake lilipo, na kwa sauti yake akamjibu:

"Kwa sababu hukuwepo."

Dereva alipata pumzi. Ilimchoma kuingia.

"Sasa nipo," alisema. "Na nimekujua."

"Nimekujua," mumewe alisema ndani ya viganja.

Wakamgeukia mtoto. Kidoti alikuwa amekumbatia mto wa kiti.

"Sema, Kidoti," baba yake alinong'ona. "Sema mwanangu, tafadhali."

"Sitaki aende."

Kitasa kikashuka, taratibu, kikabaki chini. Komeo likalia.

"Kidoti." Dereva alipiga magoti mbele ya mtoto. Hakujua la kumwambia. Mikono yake ilikuja yenyewe ikamshika uso, na uso ulikuwa wa moto na mdogo kuliko alivyoukumbuka. "Akikaa utakunywa dawa mara mbili. Mimi najua kumpa mtoto dawa tu, mengine sijui. Nitajifunza."

Mtoto alilia kwanza. Kisha, huku akilia, akasema, "Nimekujua."

Kitasa kikapanda. Kandambili zikaondoka, bila haraka, kama za mtu aliyesahau kitu dukani anarudi kukichukua. Kelele za mpira zikarudi. Mumewe akaenda kufungua madirisha yote, na harufu ikatoka mpaka ikabaki nyumba inayonuka sabuni na nguo za hospitali.

Magharibi ilipofika mumewe alifunga viatu aende kazini. Mlangoni alisita, akanyoosha mkono, akauangalia, akamshika mkewe vidole. Vilikuwa vya baridi. Alivishika hivyohivyo.

Dereva alimimina dawa, kijiko kimoja. Kidoti alimeza bila neno. Alimfunika shuka, akakaa ukingoni mwa kitanda, na kwa sababu hakujua mama wa aina ile hufanya nini baada ya hapo, akauliza.

"Yeye alikuwa anafanya nini sasa hivi?"

"Alikuwa ananiimbia. Wimbo wake mwenyewe, ametunga."

"Nifundishe."

Kidoti alimtazama kama anampima. Kisha akaimba, akipiga shuka kwa kiganja kufuata mdundo:

"Njoo usingizi njoo,
mlango sijaufunga…"

Dereva akarudia. Sauti ilikwaruza, ikapotea njia, ikapanda pasipopanda. Mtoto akacheka, kicheko cha kwanza tangu hospitali.

"Siyo hivyo! Pale unashuka. Tena."

Akaanza tena. Safari hii ilishuka panapotakiwa. Kitu kilikuwa kimelegea kifuani mwake, joto lilikuwa linapanda, akafumba macho akaliacha lipande, akaimba mistari ile miwili, akaendelea, kwa sauti laini iliyonyooka:

"aliyeko nje yu ndani,
aliye ndani hayumo."

Kiganja cha Kidoti kikasimama juu ya shuka.

"Mama," akasema, "hapo bado sijakufundisha."